Mwenye Haki ya Kuuliza: Hotuba Kuhusu Filamu ya In the Heat of the Night

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkusanyiko wa wapenzi wa filamu. Tunaiweka hapa kamili kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Ndugu Mwenyekiti, wapenzi wa filamu, mabibi na mabwana,

Naomba tuanze na pochi. Ni usiku wa joto kali katika mji mdogo uitwao Sparta, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Tajiri mmoja kutoka Chicago, Phillip Colbert, aliyekuja kujenga kiwanda, ameokotwa barabarani akiwa maiti. Askari wa doria, Sam Wood, anazunguka mji kutafuta mtu wa kumshuku, na katika kituo cha reli anamkuta mwanamume mweusi aliyevaa suti, amekaa peke yake, anasubiri treni. Hamuulizi jina. Hamuulizi atokako wala aendako. Anamwelekezea bastola, anampekua, anakuta pochi yenye fedha za kutosha, na kwa upande wake kesi imekwisha.

Niliposema kwamba leo nitazungumzia siasa zilizomo ndani ya In the Heat of the Night, filamu iliyoongozwa na Norman Jewison na kutoka mwaka 1967, najua wengi wenu mlitarajia nianze na kofi. Kofi hilo ninalijua, nanyi mnalijua, na tutalifikia. Lakini nawaomba mwitazame pochi kwanza, kwa sababu hoja yangu yote imo ndani yake. Katika filamu hii, mamlaka hupimwa kwa swali. Nani anauliza? Nani analazimika kujibu? Na nani hapati hata heshima ya kuulizwa?

Filamu ya upelelezi, ndugu zangu, ni hadithi ya mtu mwenye kibali cha kuuliza. Kachero hubisha hodi kwenye nyumba ya tajiri na kwenye kibanda cha maskini, na kote huko hufunguliwa mlango. Tumezoea kukichukulia kibali hicho kama kitu cha kawaida. Sasa chukueni kibali hicho hicho mkampe Mmarekani mweusi, mkampeleke Mississippi ya miaka ya 1960, muone kitakachotokea. Hiyo ndiyo filamu.

Turudi kwenye pochi. Mtuhumiwa amefikishwa mbele ya mkuu wa polisi, Bill Gillespie, anayeigizwa na Rod Steiger. Gillespie mwenyewe ni mtu wa kuhurumiwa kidogo: ofisi yake ina kiyoyozi kibovu anachosumbuana nacho kila siku na meza iliyovunjika mguu, katika mji usiompenda. Yeye, tofauti na askari wake, anauliza. Anataka kujua fedha hizi zimetoka wapi. Anajibiwa kwamba zimetokana na kazi. Anashikilia kwamba mtu mweusi hawezi kuchuma fedha kiasi kile, kwani zinazidi mshahara wake yeye wa mwezi mzima. Umezichumia wapi? Philadelphia. Hapo Gillespie anauliza neno moja tu: Mississippi? Hapana, anajibiwa, Pennsylvania. Mtuhumiwa huyo ni Virgil Tibbs, naye ni kachero wa polisi katika Philadelphia hiyo.

Nawasihi msilipite neno hilo haraka. Mtazamaji wa Marekani wa mwaka 1967 asingeweza kulipita. Tarehe 21 Juni 1964 vijana watatu waliokuwa katika kampeni ya kuwaandikisha wapiga kura weusi, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, walikamatwa na polisi katika mji uitwao Philadelphia, ule wa Mississippi. Waliwekwa mahabusu kwa saa chache, wakaachiwa usiku, wakafuatwa barabarani na kuuawa. Maiti zao zilifukuliwa kutoka kwenye tuta la bwawa mwezi Agosti. Filamu yetu ilitoka Agosti 1967, na Oktoba ya mwaka huo huo mahakama ya shirikisho iliwatia hatiani watu saba kwa kula njama dhidi ya haki za kiraia za vijana wale, maana shtaka la mauaji halikuwa mbele yake. Mmoja wa hao saba alikuwa naibu sherifu Cecil Price, yule yule aliyewakamata. Basi kuna Philadelphia ambako mtu mweusi ni ofisa wa polisi, na kuna Philadelphia ambako polisi aliwatoa watu mahabusu akawatia mikononi mwa wauaji. Filamu inaziweka zote mbili ndani ya swali la neno moja, kisha inaendelea na safari yake kana kwamba haikusema kitu.

Je, hilo lilitokea kwa bahati? Sidhani. Filamu ilitokana na riwaya ya John Ball iliyochapishwa mwaka 1965, na katika riwaya hiyo kachero, Virgil Tibbs, anatoka Pasadena, California. Zaidi ya hapo, anayeuawa riwayani ni kiongozi wa okestra aliyekuja kuandaa tamasha la muziki. Mwandishi wa mswada wa filamu, Stirling Silliphant, alimwondoa mwanamuziki akamweka mwenye kiwanda. Mabadiliko hayo yanaonekana madogo, lakini ndiyo yanayogeuza hadithi ya mauaji kuwa hadithi ya uchumi wa mji. Kiwanda cha Colbert kilikuwa kitoe ajira, na ajira hizo zilikuwa ziwafikie watu weusi pia. Ndiyo maana mwenye mashamba ya pamba hakukipenda. Na ndiyo maana mjane wa Colbert, anapomwona Tibbs akifanya kazi kwa akili kuliko kituo kizima cha polisi, ana silaha mkononi: kachero huyu abaki kwenye kesi, la sivyo kiwanda kiondoke.

Angalieni hesabu ilivyo. Meya anamshauri Gillespie amtumie Tibbs, kwa sababu akifaulu sifa zitakuwa za Gillespie, na akishindwa lawama zitakuwa za Tibbs. Hakuna aliyeongoka katika mji ule. Haki ya mtu mweusi kuuliza maswali imepatikana kwa sababu mji una njaa ya kiwanda. Mimi naiona hiyo kuwa kauli kali zaidi ya kisiasa katika filamu nzima, na imesemwa kwa sauti ya chini kabisa.

Lipo pia suala la jina. Gillespie analidhihaki jina la Virgil, anamwita kijana kama walivyoitwa watu wazima weusi wa Kusini hadi mvi zikawaota, kisha anamuuliza kwa kejeli: huko kwenu wanakuitaje? Jibu mnalijua: wananiita Bwana Tibbs. Sisi tunaozungumza Kiswahili hatuhitaji kufafanuliwa uzito wa jibu lile. Lugha yetu ililipokea neno boi na ikajua fika nani aliitwa boi na nani aliitwa bwana, hata umri wao ukiwa kinyume.

Sasa tufike kwenye kofi.

Tibbs ameokota kipande kidogo cha mzizi wa kangaga kwenye pedali ya breki ya gari la marehemu, na mzizi huo unamwelekeza kwa Eric Endicott, mwenye mashamba ya pamba. Wanapokwenda huko, gari linapita kando ya watu weusi walioinama mashambani wakichuma pamba. Gillespie anatupa neno kwamba Tibbs ameepukana na kazi ile. Tibbs hajibu, anatazama tu nje ya dirisha. Kisha wanaingia katika nyumba ya vioo ambamo Endicott anakuza maua ya okidi. Ni mwenyeji mwenye adabu. Anamwagiza mtumishi wake alete kinywaji baridi. Anazungumza na Tibbs kuhusu maua kwa ustadi na upole, mpaka anapofikia kulinganisha: ua hili, anasema, ni kama mtu mweusi, linahitaji kulishwa na kutunzwa, na kazi hiyo yataka muda.

Hadi hapo hakuna aliyepigwa. Endicott anaweza kutukana kwa upole, na Tibbs anaweza kusikiliza kwa upole. Kinacholeta kofi ni nini? Ni swali. Endicott anagundua kwamba watu hawa wawili wamekuja kumhoji, na anashindwa kuamini: mmekuja hapa kunihoji mimi? Tibbs, bila kupandisha sauti, anauliza kama Colbert alikuwa katika nyumba hii ya vioo jana kama saa sita ya usiku. Kofi linafuata. Na kabla mtazamaji hajavuta pumzi, Tibbs anarudisha.

Lile la kwanza lilikuwa adhabu ya kuuliza. La pili ndilo linalokumbukwa katika historia za sinema, kwa kuwa mtu mweusi kumpiga mzungu tajiri usoni, mbele ya polisi, bila kufa mwishoni mwa tukio, lilikuwa jambo ambalo watazamaji hawakuwa wamelizoea. Sidney Poitier, aliyeigiza Tibbs, alisimulia kwamba yeye ndiye aliyesisitiza kofi lile lirudishwe. Wenzake waliohusika walisema lilikuwemo katika mswada tangu mwanzo. Siwezi kuamua ugomvi huo, na sioni haja. Mimi navutiwa zaidi na kinachofuata. Endicott anamgeukia mkuu wa polisi: umeona? Nimeona. Utafanya nini? Na Gillespie, ambaye usiku uliotangulia alikuwa na jibu la kila kitu, anasema hajui.

Baadaye meya anamkumbusha kwamba mkuu wa polisi aliyemtangulia angempiga Tibbs risasi papo hapo na kudai amejitetea. Sheria haikubadilika kati ya mkuu yule na huyu. Kilichobadilika ni kwamba huyu amesita. Je, kusita kwa mtu mmoja ni maendeleo? Filamu inataka tuseme ndiyo. Nami nitasema ndiyo, ila kwa shingo upande.

Ndugu zangu, huenda mtu akadhani hofu ile ya mtu mweusi kuuawa Kusini ilikuwa ya kuigiza. Agosti 1964, Poitier na mwimbaji Harry Belafonte walisafiri hadi Greenwood, Mississippi, wakiwa wamebeba dola 70,000 taslimu kwa ajili ya wanaharakati wa kuandikisha wapiga kura. Usiku ule gari lao lilifukuzwa barabarani na watu wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi lililowatisha na kuwaua watu weusi. Miaka miwili baadaye alipotakiwa kwenda kupiga filamu Kusini, Poitier alikataa. Hivyo Mississippi mnayoiona katika filamu kwa sehemu kubwa ni Illinois, katika mji ulioitwa Sparta kweli, na jina likabakizwa ili mabango yasibadilishwe. Ni kwa ajili ya mashamba ya pamba na nyumba ya Endicott tu ndipo Poitier alipokubali kwenda Dyersburg, Tennessee, kwa siku chache, na alisimulia kwamba huko alilala na bastola chini ya mto. Nyuma ya kamera, basi, mtu aliyeigiza kuhoji Kusini alikuwa hawezi kulala usingizi Kusini. Ukilijua hilo, ule ukimya wake wa kutazama pamba nje ya dirisha unausikia vingine.

Niseme jambo moja la ufundi, kwa sababu siasa za uwakilishi haziishii kwenye maneno. Mpiga picha wa filamu hii, Haskell Wexler, alitambua kwamba taa za Hollywood zilipangwa kwa ajili ya ngozi nyeupe, na kwamba zikielekezwa vile vile kwenye uso mweusi hutoa mng'ao unaoufuta uso wenyewe. Alipunguza mwanga na kuupanga upya ili sura ya Poitier isomeke. Mkitazama tena, simameni pale Tibbs anapochunguza maiti. Vidole vyake vinakwenda polepole juu ya mwili wa mzungu, vinapima ukakamavu wa viungo, vinatafuta saa ya kifo, huku wazungu wamesimama kando hawajui waseme nini. Dakika zile hazina hotuba. Mikono myeusi ndiyo inayojua, na mwanga umepangwa ili tuione ikijua.

Sasa naomba mnivumilie, kwa sababu siwezi kuisifu filamu hii bila kuigombeza.

Mara tatu Gillespie anakuwa na jibu kabla ya swali: anamtia hatiani Tibbs mwenyewe, kisha kijana Harvey Oberst aliyeokota pochi ya marehemu, kisha askari wake Sam Wood. Mara tatu Tibbs anamrudisha kwenye ushahidi; Oberst, kwa mfano, anaokolewa kwa kuwa anatumia mkono wa kushoto na muuaji alitumia wa kulia. Lakini mara ya nne ni Tibbs mwenye jibu kabla ya swali. Anamtaka Endicott awe muuaji. Anasema waziwazi kwamba anaweza kumwangusha bwana yule kutoka kilimani kwake. Gillespie anamtazama kwa mshangao na kumwambia: kumbe nawe ni kama sisi.

Kama tamthilia, tukio hilo ni zuri mno. Kachero anaikuta chuki ndani ya darubini yake mwenyewe. Kama siasa, lina kasoro kubwa. Linaiweka kwenye mizani moja hasira ya mtu aliyepigwa kofi na kiburi cha mtu aliyepiga. Mtazamaji mweupe wa mwaka 1967 alipewa nafasi ya kutoka ukumbini akisema, ala, basi sote tuna makosa. Na mwishowe muuaji anakuwa nani? Ni Ralph, mhudumu wa mgahawa, mzungu maskini aliyetaka fedha za kumlipia msichana kutoa mimba, jambo lililokuwa likifanyika kwa siri na kwa hofu ya jela. Endicott anabaki na okidi zake, na mashamba yake hayaulizwi chochote.

Kuna tukio jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Ili kumpata Ralph, Tibbs anakwenda usiku kwa Mama Caleba, mwanamke mweusi anayetoa mimba, aliyeigizwa na Beah Richards. Tibbs anambembeleza, mama anakataa kusema. Ndipo Tibbs anapomweleza kwamba jela kuna kifungo cha mweupe na kifungo cha mweusi, na kilicho kibaya kupita vyote ni cha mweusi. Mama anafungua kinywa. Mnaona kilichotokea? Mtu aliyepigwa kwa sababu ya kuuliza sasa anauliza kwa kutisha, na kitisho alichonacho ni ule ule ubaguzi uliomkamata kituoni. Filamu imemwonyesha mwanamke mweusi mwenye siri ya mji mzima, ikamhitaji kwa dakika chache, ikamwacha gizani. Mwigizaji yule alistahili zaidi.

Mwandishi James Baldwin, katika insha zake za mwaka 1976, aliitazama tamati ya filamu hii, pale Gillespie anapombebea Tibbs sanduku hadi kwenye treni na kumwambia ajitunze, akaifananisha na busu la mwisho la filamu za Marekani, busu lililowekwa ili watu warudi nyumbani wakiamini kwamba wamepatanishwa. Ni maneno makali, na kwa sehemu kubwa nakubaliana nayo. Napinga jambo moja tu: uso wa Steiger katika sekunde zile hauna ushindi wowote. Ni uso wa mtu anayerudi kwenye kiyoyozi kibovu.

Na tuzo? Sherehe za Oscar zilikuwa zimepangwa tarehe 8 Aprili 1968. Tarehe 4 Aprili Martin Luther King aliuawa kwa risasi mjini Memphis. Sherehe zikasogezwa mbele siku mbili, hadi kesho yake baada ya mazishi. Filamu hii ilipata tuzo tano, ikiwemo ya filamu bora, na Steiger akapata ya mwigizaji bora. Alimshukuru Poitier kwa kumfundisha kuuelewa ubaguzi, akamalizia kwa maneno ya wimbo wa wanaharakati, kwamba tutashinda. Poitier hakuwa hata miongoni mwa walioteuliwa. Mwanafunzi alituzwa, mwalimu akapigiwa makofi ya shukrani.

Tutazime taa sasa tuitazame pamoja, na ninawaachia ombi moja. Mtakapofika kwenye nyumba ya vioo, msiwatazame Tibbs, Gillespie na Endicott peke yao. Yupo mtu wa nne, mtumishi Henry, aliyetumwa kuleta kinywaji. Ameingia na sinia mkononi, ni mtu mzima, mweusi, na makofi yote mawili yamepigwa mbele ya macho yake. Endicott anamuuliza Gillespie kama ameona. Hakuna anayemuuliza Henry. Mtazameni uso wake, kwa sababu kamera inamtazama, kwa muda mfupi tu, kabla ya kukata.